Theodor Bilharz, daktari aliyeupa ugonjwa wa kichocho jina lake

Msikilizaji wetu, kwenye mabonde ya mpunga ya Pemba ugonjwa huu unaitwa kichocho, na karibu kila mtu mzima anaujua kwa dalili moja: mtoto anakojoa, na mwisho wa mkojo yanatoka matone ya damu. Ukifika hospitali, daktari anaandika kwenye cheti neno jengine, bilharzia. Wengi wetu tunalitamka tukidhani ni lugha ya madaktari tu. Kumbe ni jina la mtu.

Theodor Bilharz alikuwa kijana wa Kijerumani wa miaka 26 alipomtoa mnyoo wa kichocho kwenye mshipa wa damu wa maiti, mjini Cairo, mwaka 1851. Miaka 11 baadaye naye alikuwa kaburini. Pemba hakuifika, wala hakuwahi kujua mnyoo yule anaingiaje mwilini. Tunayaeleza maisha yake kwa sababu kazi aliyoianza kwa kisu na hadubini haijaisha. Sehemu yake moja sasa inafanywa kwa akili mnemba, ile ambayo wengine huiita akili bandia, na inawahusu moja kwa moja watu wa visiwa hivi.

Kutoka Sigmaringen hadi Cairo

Alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 huko Sigmaringen, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani ulio kando ya mto Danube. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa vijinchi vingi, kila kimoja na mtawala wake, na baba yake Theodor alikuwa mtumishi katika utawala wa hapo kwao. Kijana alisoma chuo kikuu cha Freiburg, kisha Tübingen. Akiwa bado mwanafunzi alishinda zawadi ya chuo kwa andiko juu ya damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Ukiangalia alikoishia, unaona kwamba damu na viumbe vidogo vilimshughulisha mapema.

Walimu wawili walimwelekeza. Mmoja ni Carl Theodor von Siebold, bingwa wa minyoo na vimelea wa zama zile. Wa pili ni Wilhelm Griesinger, daktari aliyeitwa Misri mwaka 1850 kuongoza mambo ya afya wakati wa utawala wa Abbas Pasha. Griesinger alihitaji msaidizi. Bilharz, aliyekuwa ndio kwanza amepata udaktari wake, akafunga mizigo.

Walifikia kwenye hospitali ya Kasr el Aini, iliyokuwa pia skuli kubwa ya udaktari ya Misri. Griesinger alichoka mapema, akarudi kwao mwaka 1852. Bilharz alibaki. Alijifunza Kiarabu, akapanda cheo, na kufikia mwaka 1856 alikuwa profesa wa anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, akiwafundisha vijana wa Kimisri.

Mnyoo ndani ya mshipa

Kukojoa damu kulikuwa jambo la zamani mno Misri. Mwaka 1910 daktari mmoja aitwaye Marc Armand Ruffer alikata vipande vya figo za maiti zilizohifadhiwa tangu enzi za mafarao, akakuta humo mayai ya mnyoo huyu huyu, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Wanajeshi wa Napoleon walioingia Misri mwaka 1798 walirudi na habari za nchi ambayo wanaume wake wanatoka damu. Hakuna aliyejua sababu. Katika sehemu nyingi za Afrika watu walifika kuona kwamba mvulana kukojoa damu ni dalili ya kukua tu, kama vile sauti kuwa nzito.

Bilharz alifanya lile ambalo lilikuwa kazi yake ya kila siku: kupasua maiti na kutazama. Mwezi Mei 1851 alimwandikia Siebold barua akimweleza minyoo aliyoikuta ndani ya mshipa unaopeleka damu kwenye ini. Mwanzo alimuona dume peke yake, bapa, mweupe, mwenye urefu wa sentimita moja na kidogo. Akashangaa kuona kwamba mwili wa mnyoo ule umejikunja kwa ndani na kufanya mfereji mrefu. Alipoendelea kutazama akauona mfereji ule una kitu ndani. Ni mnyoo mwengine, mwembamba kama uzi, amelala humo kwa urefu wake wote. Alikuwa jike.

Minyoo mingi ya jamii hii ina dume na jike katika mwili mmoja. Huyu wa Bilharz ana mume na mke, na mume humbeba mke miaka na miaka ndani ya damu ya binadamu. Mwaka uliofuata akayaona mayai, kila yai na mwiba mdogo nchani, yamejazana kwenye ngozi ya ndani ya kibofu. Hapo akaunganisha mambo mawili ambayo hayakuwa yameunganishwa: mnyoo yule, na damu ile kwenye mkojo. Baadaye Griesinger aliandika kwamba katika maiti 363 zilizopasuliwa, 117 zilikuwa na mnyoo huyo. Hiyo ni karibu theluthi moja.

Tusimame kidogo kwenye hesabu hiyo. Watu 117 ni ukumbi mzima wa skuli. Walikuwa wakulima, askari na vibarua waliofia hospitalini. Majina yao hayamo katika barua zile. Na Bilharz, kama wasomi wengi wa Ulaya wa zama zake, alikusanya pia mafuvu ya watu wa Misri na nchi jirani. Baada ya kifo chake mkusanyiko huo ulikuwa Freiburg, na profesa wa huko aliandika juu yake mwaka 1866. Ni lazima jambo hili litajwe pale sifa zake zinapotajwa.

Hakuwa mtu wa jambo moja. Mwaka ule ule wa 1851 aligundua tegu mdogo anayeishi kwenye matumbo ya watoto, ambaye mpaka leo yumo katika vitabu vya udaktari. Na mwaka 1857 alichapisha kitabu juu ya kambare wa mto Nile anayepiga shoti ya umeme, akichambua kiungo kinachozalisha shoti hiyo.

Lile asilolijua

Anaingiaje? Swali hilo lilimshinda Bilharz, na liliwashinda waliokuja baada yake kwa zaidi ya miaka 60. Mjerumani mwengine wa Cairo, Arthur Looss, bingwa aliyeogopwa, alishikilia kwamba kiluwiluwi kinachotoka kwenye yai kinamrudia binadamu moja kwa moja. Ilikuwa mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, ndipo Mwingereza Robert Leiper alipoonesha huko Misri kwamba yuko mwenyeji wa katikati, naye ni konokono wa maji baridi. Wajapani walikuwa wameshalionesha hilo kwa mnyoo ndugu yake miaka miwili kabla.

Kwa Pemba na Unguja konokono huyo anaitwa kitaalamu Bulinus globosus. Anakaa kwenye vijito, madimbwi na mabwawa yenye majani. Mtu mgonjwa akikojoa majini, mayai yanapasuka, viluwiluwi vinamtafuta konokono na kumwingia. Humo huongezeka, na baada ya wiki kadhaa hutoka kwa maelfu vikiwa na mkia wenye panda mbili. Anayeoga, anayefua au anayevuka bonde anatobolewa ngozi bila ya kuhisi chochote. Maji ya bahari hayana hatari hii, kwani konokono huyu hawezi kuishi kwenye chumvi.

Na damu kwenye mkojo ni mwanzo tu. Karibu nusu ya mayai hayatoki nje. Yanakwama kwenye kibofu na viungo vya jirani, mwili unavimba kuyazunguka, na kwa miaka mingi kovu hilo linaweza kuziba njia ya mkojo au kugeuka saratani ya kibofu. Kwa wanawake mayai hukwama pia kwenye njia ya uzazi. Huleta maumivu, kutokwa na damu na wakati mwengine ugumba, na hali hiyo imehusishwa na kuambukizwa Virusi vya Ukimwi kwa urahisi zaidi. Mama wengi hutibiwa magonjwa ya zinaa bila ya kupona kwa sababu hakuna aliyefikiria kichocho. Haya ni mazungumzo mazito ya nyumbani, lakini tumeona ni bora yaandikwe kuliko yaachwe.

Kifo, na jina

Mwaka 1862 mtawala mmoja wa Kijerumani, Ernst wa pili wa Saxe-Coburg-Gotha, alisafiri kwa Bahari ya Sham mpaka Massawa, bandari iliyo Eritrea ya leo. Bilharz alifuatana na msafara huo. Safarini alipata homa kali. Alirudi Cairo akiwa mgonjwa, akafariki tarehe 9 Mei 1862. Alikuwa na miaka 37.

Jina lake lilikuwa limeshaanza safari yake. Mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki Sayyid Said wa Zanzibar, mtaalamu mmoja wa Kijerumani alipendekeza mnyoo aitwe Bilharzia. Miaka miwili baadaye likatolewa jina jengine, Schistosoma, maana yake mwili uliopasuka, na hilo ndilo lililoshinda katika vitabu vya elimu ya viumbe. La Bilharz likabaki midomoni mwa wagonjwa na madaktari.

Misri iliendelea kuteseka, mara nyengine kwa dawa yenyewe. Tangu mwaka 1918 tiba ilikuwa sindano za dawa kali yenye madini ya antimoni, nyingi, wiki baada ya wiki. Katika kampeni kubwa za Misri, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, sindano hizo zilitumiwa kwa mtu zaidi ya mmoja bila ya kuchemshwa inavyopasa. Kichocho kilipungua, lakini virusi vya homa ya ini aina ya C vikaenea kwa mamilioni ya watu. Sindano hizo ziliachwa zilipopatikana praziquantel, vile vidonge vikubwa vichungu ambavyo watoto wa skuli wanavijua vizuri, na ambavyo idadi yake hupimwa kwa kumsimamisha mtoto kwenye fimbo ya urefu.

Pemba imevimeza vidonge hivyo kwa wingi. Kati ya mwaka 2011 na 2017 ulifanyika mradi mkubwa wa kujaribu kukata maambukizo Zanzibar, katika shehia 45 za Unguja na 45 za Pemba. Kote watu walipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Katika baadhi ya shehia konokono pia waliuliwa kwa dawa ya majini, na katika nyengine wananchi walielimishwa na kujengewa sehemu salama za kufulia. Ugonjwa ulipungua sana kulinganisha na miaka ya zamani, ambapo kwenye baadhi ya vijiji zaidi ya nusu ya watoto walikuwa nao. Lakini haukukatika. Kuanzia mwaka 2020 mradi mwengine ulijikita kaskazini mwa Pemba, wilaya za Micheweni na Wete, ukizitafuta sehemu sugu moja moja. Sehemu kubwa ya uchunguzi wa mikojo hiyo hufanywa Wawi, Chake Chake, kwenye maabara ya afya ya jamii iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, Mtaliano bingwa wa vimelea aliyefariki 1993.

Sasa hapa ndipo penye tatizo. Dawa tunayoitegemea ni moja. Haiui minyoo michanga, na haimkingi mtu asiambukizwe tena wiki ijayo akirudi bondeni. Chanjo hakuna. Siku mnyoo akiizoea praziquantel, tutashika nini?

Umbo la protini

Swali hilo linaturudisha kwa mnyoo wa Bilharz, na kwa jambo ambalo hadubini yake isingeweza kumwonesha. Mnyoo huyu anakaa ndani ya damu miaka mitatu, mitano, wengine hata miongo. Damu ni mahali penye ulinzi mkali kuliko pote mwilini. Kwa nini hauliwi?

Jibu limo kwenye protini. Protini ndizo zinazofanya karibu kila kazi ndani ya kiumbe hai. Kila moja ni mlolongo wa vipande vidogo vya aina 20, mfano wa ushanga wa rangi 20 uliotungwa kwenye uzi. Lakini uzi ule haukai umenyooka. Unajikunja wenyewe ukawa na umbo lake maalumu, na kazi ya protini inatokana na umbo hilo. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili kupitia dema: ukubwa na mkunjo wa mlango wake ndio unaoamua samaki gani aingie na asitoke. Protini ya mnyoo inapokutana na protini ya binadamu, ama maumbo yanashikana au yanapishana.

Mnyoo wa kichocho ni hodari wa kushikana. Ngozi yake huokota vitu vya damu ya mwenyeji na kujivika, hata alama za kundi la damu, mithili ya mgeni aliyeingia kijijini amevaa kanzu na kofia ili asiulizwe. Yai nalo lina hila yake. Linatoa protini inayojibana kwenye kingamwili zetu za aina moja na kuziamsha chembe fulani za damu zitoe kemikali inayoubadilisha mwenendo wa kinga. Yai halitaki kinga izimike kabisa, kwani linauhitaji uvimbe wa mwili liweze kusukumwa hadi kwenye kibofu na kutoka. Panya wa maabara waliopungukiwa na kinga hutoa mayai machache.

Praziquantel yenyewe ni mfano mzuri. Watu waliimeza kwa miaka 40 hivi bila ya mwanasayansi yeyote kujua hasa inashika wapi. Mwaka 2019 ndipo ilipotambuliwa protini ya mnyoo inayoguswa, ambayo ni mlango wa kupitishia chumvi ya kalsiamu kwenye chembe zake. Dawa inaingia kwenye kijishimo cha protini hiyo, mlango unabaki wazi, mnyoo anakakamaa. Watafiti waliunda mfano wa kijishimo hicho kwenye kompyuta, wakabadilisha kipande kimoja kimoja cha mlolongo na kupima. Wakagundua kwa nini dawa hii haimdhuru mnyoo wa ini wa ng'ombe: katika kijishimo chake, kipande kimoja tu cha ushanga ni tofauti. Kimoja. Ndio maana wanaohofia usugu wa dawa wanaiangalia protini hiyo kwa makini.

Tatizo lilikuwa kwamba kulijua umbo la protini moja kulichukua miezi, hata miaka. Inabidi uitengeneze kwa wingi, uisafishe, uigandishe kama chumvi, kisha uipige mionzi. Kwa jumla dunia ilikuwa imekusanya maumbo laki moja na kitu kwa nusu karne, na mengi yalikuwa ya binadamu na viumbe vya maabara. Mnyoo wa maskini alipata machache.

Akili mnemba ilibadilisha hesabu hiyo. Mwaka 2021 kampuni ya DeepMind ya London ilitoa programu iitwayo AlphaFold. Programu hiyo ilifundishwa kwa maumbo yaliyokwisha kujulikana, na inalisoma neno la ushanga kwa kulilinganisha na ndugu zake katika viumbe vyengine. Ikiona kwamba vipande viwili vilivyo mbali kwenye uzi hubadilika pamoja kila mara, inakisia kwamba vimekaa karibu baada ya uzi kujikunja. Ni sawa na fundi wa ngalawa: akiona kila aliyebadilisha mrengu wa kushoto kabadilisha na wa kulia, anajua viwili hivyo vinategemeana. Kufikia Julai 2022 maumbo yaliyokisiwa yalikuwa zaidi ya milioni 200, na yamewekwa bure kwenye intaneti, yakiwemo ya minyoo ya kichocho. Wawili kati ya waliobuni programu hiyo walipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024.

Kukisia umbo la protini moja ni hatua ya kwanza. Hatua ngumu ni kukisia protini ipi ya mnyoo inashikana na ipi yetu. Mnyoo ana aina 10,000 hivi za protini, sisi tuna 20,000 hivi. Zidisha upate jozi milioni 200. Hakuna maabara duniani inayoweza kuzipima zote kwa mkono. Kompyuta inaweza kuzichekecha, ikatoa orodha fupi ya jozi zinazoelekea kushikana, na watafiti wakaanzia hapo kutafuta chanjo au dawa.

Msikilizaji asije akadhani kwamba kazi imekwisha. Programu yenyewe hutia rangi kuonesha ina uhakika kiasi gani: buluu iliyokoza pale inapojiamini, chungwa pale inapobahatisha. Protini ambazo mnyoo huzitumia kutuhadaa mara nyingi hazina ndugu katika viumbe vyengine, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Pia ile hila ya vipande vinavyobadilika pamoja hufanya kazi vizuri ndani ya kiumbe kimoja. Kati ya mnyoo na mtu ni viumbe viwili vyenye historia mbili, na dalili ni hafifu. Zaidi ya hayo, mnyoo huzifunika protini zake kwa sukari, na AlphaFold ya mwanzo haikuiona sukari hiyo kabisa. Toleo la mwaka 2024 limeboreshwa kwa upande huo. Hata hivyo jozi iliyopendekezwa na kompyuta bado inabaki kuwa dhana, mpaka mtu azichanganye protini hizo mbili kwenye kichupa na kuona kama zinashikana kweli. Kuna chanjo ya majaribio iliyotengenezwa kwa protini ya ngozi ya mnyoo ndugu, yule wa kichocho cha tumbo, nayo imejaribiwa kwa watu nchini Uganda. Ilichukua miaka mingi kufika hapo, na bado haijawa chanjo ya kupewa watoto.

Liko jambo moja ambalo tunaamini Bilharz angelifurahia. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walieleza ni kwa nini jike asiyekumbatiwa na dume hapevuki wala hatagi. Dume hutengeneza kemikali ndogo, iliyounganishwa kwa vipande viwili tu, na hiyo ndiyo inayomwamsha jike. Walipomwekea jike mpweke kemikali hiyo kwenye chombo cha maabara, akaanza kutaga bila ya mume. Mayai ndiyo yanayoumiza na ndiyo yanayoeneza. Ukiuzuia ujumbe huo usifike, minyoo itabaki lakini haina madhara makubwa. Yule dume mwenye mfereji, aliyemshangaza kijana wa miaka 26 mwaka 1851, alikuwa amembeba mkewe kwa sababu hiyo.

Maumbo yale ya protini yanaweza kufunguliwa kwa simu. Mwanafunzi wa Wete mwenye bando anaweza kuizungusha protini ya mnyoo kwa kidole, akaitazama kwa mbele na nyuma, sawasawa na anavyoitazama profesa wa London. Kilicho ghali ni kinachofuata: majokofu, kemikali, umeme usiokatika, matangi ya kufugia konokono, na watu waliosomea kazi hiyo na kulipwa waifanye hapa. Mkojo wa Pemba, konokono wa Pemba na wagonjwa wa Pemba wapo tayari katika tafiti hizi kwa miaka mingi.

Bilharz ana taasisi ya utafiti yenye jina lake Giza, jirani na Cairo, na mwezini kuna shimo limeitwa kwa jina lake. Yule mtu wa Cairo ambaye kwenye mshipa wake alionekana mnyoo wa kwanza, alizikwa mwaka 1851, na katika barua za daktari wake hakutajwa jina.